D si nakala ya C

Wanafunzi wengi wa vyuo hapa Dodoma, hasa wakati wa kuandika tasnifu, hukuambia kwa kujiamini kuhusu C na D, zile sehemu za kuhifadhia faili kwenye kompyuta ya Windows: "Kazi ipo C, nyingine nimeinakili D, hata kompyuta ikifa siipotezi." Imani hii inawaliza watu. Katika laptop nyingi, C na D ni sehemu mbili za diski moja ileile. Diski ikifa, zinakwenda zote.

Imani hiyo ina chanzo. Fundi akikupigia Windows upya, kwa kawaida hufuta C na kuiacha D, na faili zako za D hubaki. Hapo D inasaidia kweli, maana hata vilivyo kwenye Desktop kwa kawaida vimo ndani ya C. Ila haikusaidii ukiisahau laptop kwenye basi la Singida.

Hakikisha mwenyewe. Bonyeza alama ya Windows kwa kitufe cha kulia cha kipanya, chagua "Disk Management", kisha tazama sehemu ya chini. C na D zikiwa kwenye mstari mmoja ulioandikwa "Disk 0", hiyo ni diski moja. Kukiwa na "Disk 1", yenye D peke yake, unazo mbili, ingawa mwizi atazibeba kwa pamoja.

Nakala ya kweli hukaa nje ya kompyuta: Google Drive, inayotoa GB 15 bure, au diski ya nje. Flashi nayo inafaa, mradi usiiweke kwenye begi la laptop.