Woga wa mnyama: wa kuzaliwa au wa kufundishwa?

Mtu akijua kazi yangu ni tabia za wanyama, huniuliza: swala humkimbia chui kwa silika au kwa kufundishwa? Hutaka nichague upande mmoja. Sichagui, kwa sababu ushahidi unatupa vyote viwili.

Silika ipo. Mwaka 2013, Melis Yilmaz na Markus Meister waliwaonyesha panya wa maabara duara jeusi likitanuka juu ya vichwa vyao, mithili ya ndege anayeshuka kwa kasi. Panya hao hawajawahi kuona mwewe, lakini walikimbilia mafichoni au wakaganda palepale.

Ila woga huo ni wa jumla mno. Haumwambii mnyama ni ndege yupi hasa wa kuogopwa. Ndiyo maana nawapenda sana tumbili wa Amboseli, waliochunguzwa na Robert Seyfarth na Dorothy Cheney. Wana mlio wa kuonya kuhusu chui, mwingine wa tai, mwingine wa nyoka. Mtoto wa tumbili hupiga mlio wa tai hata akiona ndege asiye na madhara, pengine hata jani linalodondoka. Lakini angalia anavyokosea: kitu cha angani hukiita tai, si chui! Makundi makuu ya maadui kazaliwa nayo. Akipatia, wakubwa huelekea zaidi kuurudia mlio wake kuliko akikosea, na kidogo kidogo mtoto huacha kuwahofia ndege wasiodhuru.

Kujifunza nako kuna mipaka. Katika miaka ya 1980, Susan Mineka na Michael Cook waliwaonyesha kima wa maabara, wasioogopa nyoka, video ya wenzao wakimwogopa nyoka. Nao wakaanza kumwogopa. Video ilipohaririwa ionekane kinachoogopwa ni maua, hawakushika woga wowote.

Haya yana uzito kwa wanyama waliofugwa wanaorudishwa porini, maana wengi huishia kuliwa. Huko Australia, Andrea Griffin na wenzake waliwaonyesha walabi, wanyama wa jamii ya kangaruu, mfano wa mbweha, huku mtu mwenye wavu akijifanya anawakamata. Walabi wakaanza kumhofia mbweha, na hata paka ambaye hawakufundishwa habari zake. Walipoonyeshwa mbuzi, hawakumjali. Kwa maoni yangu, kumfungulia mnyama aliyefugwa banda bila mafunzo ya namna hii ni kumpeleka akaliwe.