Kwa nini reli yetu haikuanza na dizeli

Mama mmoja anayeniuzia mihogo Gongo la Mboto aliniuliza swali ambalo nimekaa nalo wiki nzima. "Mwanangu, wewe si fundi wa hizo nyaya? Reli ya SGR ilikaa miaka haina treni. Kwa nini wasilete vichwa vya dizeli tukapanda, umeme ukaja baadaye?"

Ana haki ya kuuliza. Mkataba wa kipande cha Dar es Salaam hadi Morogoro ulisainiwa Februari 2017, na safari za abiria zikaanza tarehe 14 Juni 2024. Hata hivyo, mimi ninayefanya kazi za nyaya za juu bado naamini kuanza na dizeli kungetuchelewesha zaidi kuufikia umeme.

Wengi hudhani kuweka umeme relini ni sawa na kufunga taa kwenye nyumba iliyokwisha. Ukipita Pugu, inua macho uangalie ule waya. Hauendi mnyoofu katikati ya reli. Nguzo hii inauvuta kushoto, inayofuata inauvuta kulia, kama shibiri hivi. Ungekaa mahali pamoja ungechimba mfereji kwenye kaboni ya pantografu, ule mkono ulio juu ya treni unaochukua umeme. Kwa hiyo kila nguzo ina mahali pake, na msingi wake lazima ushike kweli. Sisi tulisimika nguzo wakati hakuna abiria, mashine ikishinda relini kutwa. Treni zikishaanza kupita, unapewa saa chache za usiku, na kabla ya alfajiri uwe umeondoa kila kitu.

Waingereza wameyapitia haya kwenye njia ya London kwenda Cardiff, yenye volti 25,000 kama yetu. Waliagiza treni mpya huku nyaya zikifungwa kwenye njia inayofanya kazi. Makadirio ya gharama ya nyaya yalitoka pauni bilioni 1.6 mwaka 2014 hadi bilioni 2.8 mwaka uliofuata. Novemba 2016 serikali ikaahirisha baadhi ya vipande, vikiwemo vya kuingia Oxford na Bristol. Treni zilizoagizwa ziwe za umeme mtupu ikabidi zifungwe injini za dizeli. Sasa treni ikifika mwisho wa nyaya inashusha pantografu na kuwasha injini chini ya miguu ya abiria. Ikiwa kwenye umeme, injini hizohizo na mafuta yake ni mzigo wa bure. Pale Steventon kuna daraja la zamani lililo chini mno. Waya ukiinama ghafla kupita chini ya daraja, pantografu inashindwa kuufuata vizuri, kwa hiyo treni zililazimika kupunguza mwendo. Madaraja ya barabara juu ya SGR yetu yalijengwa yakiwa na nafasi hiyo tangu mwanzo.

Jirani zetu Kenya walifungua Mombasa–Nairobi mwaka 2017 kwa dizeli, reli ikiwa imesanifiwa kuja kuwekewa umeme. Mpaka leo inaendeshwa kwa dizeli. Sishangai. Ukishanunua vichwa, ukajenga karakana na matangi ya mafuta, nyaya zinakuwa jambo la bajeti ijayo, kila mwaka.

Lakini mama wa mihogo ana hoja moja ambayo siwezi kuipinga: reli ilikaa miaka bila treni. Kugawa mradi kwa umbali, Dar–Morogoro kwanza, Dodoma ikafuata Julai 2024, ni sahihi. Ila ndani ya kila kipande, reli, nyaya, vituo vya kupoza umeme na treni zenyewe vinapaswa kupangwa vikutane siku moja. Waya wa shaba unaoning'inia bila umeme unamkaribisha mwizi, na hela iliyolala kwenye tuta tupu inaumiza. Tunapokwenda Tabora, Isaka na Mwanza, mimi ningeuliza tarehe ya treni kabla ya kuuliza asilimia ya ujenzi.

Na kuna TAZARA, reli ya Tanzania na Zambia, inayoendeshwa kwa dizeli tangu miaka ya 1970. Sitegemei iwekewe umeme kesho. Ninachoomba ni kwamba kila daraja jipya la barabara litakalopita juu yake hapa Dar lichorwe na kimo cha kutosha nyaya, hata kama nguzo ya kwanza itasimikwa na watoto wetu.