Sindano haina nguvu kuliko tembe, na dhana zingine za famakolojia zinazozunguka wodini

Hii ya kwamba sindano ina nguvu kuliko tembe imekwama vibaya, na si kwa wagonjwa peke yao. Mtu akitoka mtaani Kayole, Nairobi, aende kemisti adai adungwe ndio asikie ametibiwa, sawa, huyo hakusomea. Lakini mwanafunzi wa unesi wa mwaka wa pili, mtihani wa famakolojia, yaani somo la dawa, ameshapita, bado anakuambia metronidazo (dawa ya kuua bakteria) ya dripu ndio inaua bakteria kabisa! Metronidazo ya kumeza inafyonzwa karibu yote, flukonazo ya fangasi inafyonzwa zaidi ya asilimia 90, kwa hivyo kama mgonjwa anameza, hatapiki na matumbo yanafanya kazi, damu yake itapata karibu kiasi kile kile, itachelewa kidogo tu, na atakuwa ameepuka gharama ya dripu, kanula (kile kimrija cha mshipani) na mkono kufura.

Sasa usikimbilie kusema basi njia zote ni sawa, maana hapo ndio wengine huanguka upande wa pili. Dawa ukiimeza inapita kwa ini kabla isambae mwilini, na ini linakata ushuru wake kwanza. Kwa dawa zingine linakata kidogo, kwa zingine linabakisha makombo. Mofini, dawa kali ya maumivu, miligramu 10 ya mshipani inakaribiana na 30 ya kumeza, sasa mtu abadilishe chati kutoka tembe kwenda sindano halafu aache ile 30 vile ilivyo, uone kama mgonjwa ataendelea kupumua vizuri. GTN (nitrogliserini) ya maumivu ya moyo nayo inawekwa chini ya ulimi kwa sababu hiyo hiyo, isipite kwa ini kwanza.

Kuna pia hii ya diklofenaki, dawa ya maumivu, eti ikidungwa haiwezi kuleta vidonda kwa sababu haikupita tumboni. Inaleta. Inazuia prostaglandini, kemikali za mwili zinazolinda ukuta wa tumbo, na inafika huko kupitia damu, iwe umedunga kwa matako ama umeweka kwa njia ya haja kubwa. Mwenye historia ya ulsa muulize kabla hujavuta dawa, si baada.

Insulini ya kisukari ndio mimi naiogopa kuliko zote. Utasikia mtu anasema nipe tu sirinji yoyote, mililita ni mililita. Chupa ya kawaida ina yuniti 100 kwa kila mililita, kwa hivyo yuniti 8 ni mililita 0.08. Chukua sirinji ya mililita 2, iinue kwa taa uangalie mistari yake, inaruka kwa 0.1, sasa hiyo 0.08 utaipimia wapi? Na ukikosea nukta ukavuta 0.8, hizo ni yuniti 80, na hata chai ya saa nne itafika mgonjwa sukari imeshuka, ameloa jasho, haitiki. Tumia sirinji ya insulini yenyewe, kama haiko wodini itafutwe. Na neno yuniti liandike lote, usiweke U, kwa mwandiko wa zamu ya usiku hiyo U inageuka sifuri na 8 inakuwa 80.

Panadol, yaani parasetamo, nayo watu wanaichukulia kama peremende. Mtu mzima asipitishe gramu 4 kwa siku, yaani tembe 8 za miligramu 500, na dawa nyingi za homa zina parasetamo ndani kwa hivyo mtu anameza mara mbili bila kujua. Ubaya wake ni kwamba aliyezidisha anaweza kuongea na kula vizuri siku ya kwanza, mnamwona yuko sawa, kumbe ini linaharibika pole pole na dalili zinakuja siku ya pili au ya tatu. Asitilisisteini, dawa ya kukinga ini dhidi ya sumu hiyo, inafanya kazi vizuri zaidi ikianzwa ndani ya masaa 8, kwa hivyo usingoje mtu ageuke macho ya manjano.

Mgonjwa akikuambia ana aleji ya Augmentin, ambayo ina dawa ya jamii ya penisilini, usiandike haraka, muulize ilimfanya nini. Kuhara tu ni athari ya kawaida. Kuvimba midomo, vipele vya kuwasha, kushindwa kupumua, hiyo sasa ni aleji kweli. Ukichanganya hizi mbili unaweza kumnyima mtu penisilini maisha yake yote bure.

Ya "daktari ndiye ameandika, mimi napeana tu" sitaikalia sana. Ukipeana, ni yako pia. Potasiamu kloridi ikiandikwa isukumwe mshipani bila kuchanganywa, hupeani, moyo unaweza kusimama. Na tembe za retadi, zile zinazoachilia dawa pole pole, kama nifedipini ya presha ya miligramu 20, hazisagwi ndio zipite kwa mrija wa pua, dawa ya masaa 12 itaachiliwa mara moja na presha ianguke. Mpigie daktari abadilishe, amlodipini ya kawaida inasagika.