Varikoseli, msongo wa oksidisho na ugumba wa kiume: yanayosemwa na yaliyo kweli

Mwanamume akishaambiwa ana varikoseli, yaani veni za korodani zimetanuka, hakosi washauri. Mmoja atamwambia asahau habari ya kuitwa baba. Mwingine atamwambia hilo ni jambo dogo, anunue kopo la vidonge vya antioksidanti (vya kuzima molekuli kali za oksijeni) "asafishe mbegu", kwa kuwa wanasayansi wenyewe wamesema shida ni msongo wa oksidisho, yaani molekuli hizo kuzidi kinga ya mwili. Huyu wa pili ndiye ninayemwogopa zaidi, kwa sababu nusu ya maneno yake ni kweli. Msongo huo upo, unapimika, na unadhuru mbegu za kiume. Kosa linaingia pale anapotoka kwenye kemia hiyo na kukupeleka moja kwa moja dukani.

"Ukiwa na varikoseli, wewe ni mgumba"

Varikoseli ni kutanuka kwa veni zinazorudisha damu kutoka kwenye korodani. Kati ya wanaume 100 wa kawaida, kama 15 wanayo, na wengi wao wanapata watoto bila hata kujua kwamba wanayo. Kwa hiyo kuwa nayo si hukumu.

Lakini tazama upande wa pili. Kwa wanaume wanaohangaika kupata mtoto wa kwanza, walio na varikoseli hufika 35 hadi 40 katika kila 100. Kwa waliowahi kuzaa kisha wakakwama, baadhi ya tafiti zimewakuta wanaokaribia 80. Wataalamu wengi wanaisoma tofauti hiyo kuwa dalili kwamba kwa baadhi ya wanaume madhara huongezeka taratibu kadiri miaka inavyopita. Kuwa na mtoto mmoja, basi, hakumwondoi mtu kwenye orodha ya kupimwa.

Na kuna mkanganyo mwingine unaowaponza wengi: kudhani kwamba mwenye nguvu za kiume hawezi kuwa na tatizo la uzazi. Hayo ni mambo mawili tofauti. Hata wingi au uzito wa shahawa haukuambii mna mbegu ngapi, kwani sehemu kubwa sana ya majimaji hayo hutoka kwenye vifuko vya shahawa na tezi dume. Mbegu zenyewe ni asilimia chache tu ya ujazo. Mtu anaweza kukosa mbegu kabisa na asione tofauti yoyote kwa macho.

"Ni joto tu, vaa nguo za kulegea"

Joto limo, hilo halina ubishi. Korodani hufanya kazi vizuri zikiwa na ubaridi wa nyuzi 2 hadi 4 chini ya joto la mwili, na damu inayotuama kwenye veni zilizotanuka huharibu mpango huo. Tatizo huwa zaidi upande wa kushoto kwa sababu ya maumbile: veni ya korodani ya kushoto ni ndefu zaidi na huingia kwenye veni ya figo kwa pembe ya mraba, wakati ile ya kulia huingia kwa mshazari kwenye veni kuu ya mwili. Vali, yaani vilango vya ndani ya veni vinavyozuia damu isirudi, zikilegea, damu hurudi nyuma kwenda chini. Nguo ya kulegea haiwezi kurekebisha vali.

Baada ya joto na kutuama kwa damu ndipo msongo wa oksidisho unapoanza. Seli zenye joto kupita kiasi na zinazopata oksijeni kidogo huvujisha molekuli kali za oksijeni, kama superoksidi na peroksidi ya hidrojeni. Kuta za veni zilizotanuka nazo huongeza oksidi ya nitriki. Mwili una askari wake wa kuzima moto huo: vimeng'enya kama katalasi na glutathioni peroksidesi, pamoja na vitamini C na E. Molekuli kali zikizidi uwezo wa askari hao, hapo ndipo tunaposema kuna msongo.

Mbegu ya kiume ni mhanga rahisi kuliko seli karibu zote za mwili. Utando wake umejaa mafuta laini yanayoiwezesha kujipinda na kuogelea, na mafuta ya aina hiyo ndiyo yanayoshambuliwa kwanza na oksijeni. Ni kemia ileile inayofanya mafuta ya kula yaliyokaa wazi muda mrefu yatoe harufu mbaya. Utando ukishaharibika, mkia haupigi sawasawa. Isitoshe, mbegu inapokomaa hutupa karibu ute wote wa ndani ya seli ili iwe nyepesi, na pamoja na ute huo hutupa sehemu kubwa ya vimeng'enya vya kujikinga.

Hapa pana jambo ambalo hulisikii kwa wauza vidonge. Kwa wanaume wengi wenye varikoseli, ukomavu huo haukamiliki. Mbegu hutoka ikiwa bado na donge la ute shingoni, na donge hilo linaonekana wazi kwenye hadubini. Ndani yake mna vimeng'enya vinavyochochea uzalishaji wa molekuli kali zaidi. Kwa maneno mengine, mbegu mbovu hazikai tu pembeni bila kazi, huwadhuru na majirani zao wazima waliomo kwenye shahawa hiyohiyo.

Wala si ugunduzi wa jana. Mwaka 1943 mtafiti John MacLeod alionyesha kwamba mbegu za binadamu zikiwekwa kwenye oksijeni nyingi hupoteza mwendo, na kwamba kuongeza katalasi kunazilinda.

"Kipimo cha shahawa kikiwa kizuri, yamekwisha"

Kipimo cha kawaida huangalia idadi, mwendo na umbo. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021 unataja viwango vya chini vya kulinganishia: ujazo wa mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa mililita, asilimia 42 zenye mwendo, na asilimia 4 zenye umbo la kawaida. Wapo waliozaa wakiwa chini ya viwango hivyo, na wapo waliokwama wakiwa juu yake. Matokeo pia hupanda na kushuka kwa mtu mmoja, ndiyo maana kipimo kikitoka kibaya hurudiwa, na kila mara mtu awe amekaa siku 2 hadi 7 bila kutoa shahawa.

Ambacho kipimo hiki hakioni ni hali ya vinasaba ndani ya kichwa cha mbegu. Molekuli kali hukatakata nyuzi za vinasaba, na mbegu iliyokomaa haina uwezo wa kujikarabati. Yai linaweza kurekebisha kiasi fulani baada ya utungisho, si kila kitu. Mkatiko mwingi wa vinasaba umehusishwa na mimba kuchelewa kutungwa na mimba kuharibika mapema. Kuna kipimo chake maalumu. Si lazima kila mtu akianze, ila wenzi ambao mimba zao hutoka mara kwa mara, au wanaokwama ilhali kila kitu kinaonekana sawa, wana sababu nzuri ya kukiuliza.

"Kama oksidisho ndiyo shida, meza antioksidanti kwa wingi"

Inaonekana kama hesabu rahisi. Ila mwili hauhesabu hivyo, kwa sababu molekuli hizo kali kwa kiasi kidogo zina kazi. Bila molekuli hizo, mbegu haipiti hatua ya mwisho ya kujiandaa ndani ya njia ya uzazi ya mwanamke, haipati ule mwendo wa nguvu wa kulikaribia yai, wala haipenyi ukuta wake. Anayezima zote anaweza kuharibu palepale alipotaka kutengeneza.

Na vidonge vimepimwa. Mwaka 2020 yalitoka matokeo ya jaribio kubwa lililofanyika Marekani kwa wenzi 2,370 waliokuwa wakitafuta matibabu ya uzazi. Wanaume walipewa miligramu 5 za asidi foliki na miligramu 30 za zinki kila siku kwa miezi 6, au vidonge visivyo na dawa. Waliopata watoto walikuwa asilimia 34 upande wa dawa na 35 upande mwingine. Mkatiko wa vinasaba uliongezeka kidogo kwa waliomeza dawa, na matumbo yaliwasumbua zaidi. Mwaka huohuo jaribio jingine dogo, lenye wanaume 171, lilichanganya vitamini C na E, seleni, zinki, asidi foliki, likopeni na kanitini. Halikuboresha mwendo wa mbegu, umbo lake wala uzima wa vinasaba.

Majaribio hayo hayakuwahusu wenye varikoseli peke yao, na zipo tafiti ndogondogo zilizoona nafuu fulani. Daktari akiandika dawa hizo kwa muda maalumu baada ya vipimo, sina ugomvi naye. Ugomvi wangu ni na kopo lisilo na kikomo, linalomezwa mwaka mzima wakati umri wa mke nao unakwenda. "Ni vitamini tu" si hoja: jaribio la vitamini E lililotangazwa mwaka 2011, la uniti 400 kwa siku, lilikuta saratani ya tezi dume imeongezeka kwa asilimia 17.

Kuziba chanzo kuna maana zaidi. Sigara huongeza molekuli kali kwenye shahawa na kumaliza kinga yake. Unene uliokithiri nao huchangia, na vilevile maambukizi, kwa kuwa chembe nyeupe za damu hutoa molekuli hizo kwa wingi kuliko mbegu mbovu. Anayeacha sigara anapata faida ambayo hakuna kidonge kinachomfikia.

"Varikoseli yoyote lazima ipasuliwe"

Hapana. Mgonjwa hupimwa akiwa amesimama, kwenye chumba chenye joto la kutosha, kisha huambiwa abane pumzi na kujikamua kama anayekwenda haja kubwa. Daraja la kwanza huhisiwa kwa mkono wakati wa kujikamua tu, la pili huhisiwa bila kujikamua, la tatu huonekana kwa macho. Ile inayoonekana kwenye ultrasaundi pekee, isiyoshikika kwa mkono, haipasuliwi kwa ajili ya uzazi.

Upasuaji hupendekezwa pale mambo yanapokutana: veni zinashikika, kipimo cha shahawa kina kasoro, wenzi wanatafuta mtoto, na upande wa mke hakuna kizuizi au kipo kinachotibika. Upasuaji wa hadubini kupitia sehemu ya kinena hufunga veni na kuuacha mshipa unaoleta damu. Varikoseli kurudi, au maji kujaa kwenye mfuko wa korodani, ni nadra kwa njia hii. Baada yake tafiti nyingi zimekuta molekuli kali zimepungua kwenye shahawa, mkatiko wa vinasaba umeshuka na idadi ya mbegu imepanda kwa wanaume walio wengi. Hapo chanzo chenyewe ndicho kimeguswa.

Ila hakuna matokeo ya wiki mbili. Mbegu moja huchukua kama siku 74 kutengenezwa, kisha siku kadhaa za kupita kwenye mirija, kwa hiyo kipimo cha kwanza cha maana hufanywa baada ya miezi 3. Ikiwa mke amekaribia miaka 40, kungoja huko kuna gharama, na wakati mwingine daktari atashauri waende moja kwa moja kwenye upandikizaji wa mimba.

"Upande wa kulia au wa kushoto, yote ni yaleyale"

Si yaleyale. Varikoseli iliyo kulia peke yake, au iliyotokea ghafla ukubwani, au isiyonywea mtu akilala chali, inahitaji kupigwa picha ya tumbo haraka, maana uvimbe wa figo au wa nyuma ya tumbo unaweza kuwa umeibana veni.

"Sindano ya testosteroni itaamsha mbegu"

Hii ndiyo mbaya kuliko zote. Testosteroni ya kudungwa huuambia ubongo kwamba homoni ipo ya kutosha, nao unaacha kuziamuru korodani zifanye kazi. Mwanamume anajisikia na nguvu, misuli inajaa, huku mbegu zikishuka hadi sifuri. Kwa kawaida hurudi baada ya kuacha, lakini inaweza kuchukua miezi mingi, mara nyingine zaidi ya mwaka. Aliyekwisha kuzitumia amwambie daktari kabla ya kupima shahawa, la sivyo varikoseli itabebeshwa lawama ya sindano, na mtu atapasuliwa kwa kosa ambalo si la veni zake.