Sauti Isiyokatika: Ninavyoandaa Pedi ya Kutumia Ibadani

Katika ibada ninazopiga kinanda, hufika wakati ambapo kwaya imemaliza wimbo, kiongozi ameanza kuomba, na vyombo vyote vinatakiwa kutulia bila ukumbi kubaki mtupu. Hapo ndipo inapohitajika sauti moja ndefu inayotandikwa chini ya maneno, ambayo wapiga kinanda tumezoea kuiita pedi. Mimi huiandaa ndani ya MainStage, programu ya Apple inayofanya kazi kwenye kompyuta za Mac pekee, ingawa ninayoyaeleza hapa yanawezekana katika programu nyingine pia.

Kosa ninalolikuta mara nyingi kwa wanafunzi wangu ni kushikilia do, mi na so kwa pamoja. Kwaya ikihamia kwenye fa, ile mi iliyoachwa ikilia inasuguana nayo kwa nusu toni, na waimbaji huanza kuyumba bila kujua sababu. Isitoshe, mi ndiyo inayotangaza kwamba wimbo ni wa meja (major), kwa hiyo wimbo wa maina (minor) ukianza juu yake mgongano unakuwa mbaya zaidi. Ninabakiza do na so tu. Kwenye ufunguo wa C, hizo ni takribani Hz 131 na Hz 196 (Hz ni mitetemo kwa sekunde), na noti hizo mbili zinavumilia karibu kila kinachopita juu yake.

Noti mbili zisizobadilika huchosha masikio baada ya dakika moja, hivyo ni lazima zipewe pumzi. Kila noti naiundia vyanzo viwili vya sauti, kimoja nikikipandisha kwa senti 8, yaani chini ya sehemu moja ya kumi ya nusu toni. Kwenye A ya Hz 220, tofauti hiyo ni karibu Hz 1, na utasikia sauti ikivimba na kunywea mara moja kwa kila sekunde. Ukishuka oktavu moja, mwendo huo unakuwa wa sekunde mbili. Nikishapata mwendo huo, huchuja sauti zilizo chini ya Hz 100 ili gitaa la besi lipate nafasi yake, kisha hupunguza zilizo juu ya Hz 2,000, kwa sababu huko ndiko konsonanti za mwombaji zinakosikika vizuri.

Pedali ya kushikilia haifai kwa kazi hii. Ujumbe wake, ambao katika MIDI (lugha ambayo kinanda hutumia kuwasiliana na kompyuta) ni namba 64, hushikilia noti zote za chaneli husika, yaani njia inayobeba ujumbe wa sauti hiyo, na kama piano iko humo, nayo itarundikana. Pedi naipa chaneli yake, naiwasha kwa kitufe kinachonasa, yaani kinachobaki kimewashwa hata nikikiachia, halafu naongoza ukubwa wake kwa pedali nyingine ya mguu. Kuna jioni waya wa kinanda ulichomoka katikati ya maombi, amri ya kuzima noti haikufika kwenye kompyuta, na sauti ikaendelea kulia huku mimi nikihangaika na kipanya. Tangu siku hiyo kitufe kimoja kwenye kinanda changu hutuma ujumbe namba 123, unaozima noti zote za chaneli mara moja waya ukisharudishwa.

Panapohitaji mazoezi zaidi ni pale ufunguo unapobadilika. Kutoka C kwenda D, pedi mbili zikipishana zinachafua ukumbi mzima, kwa hiyo naishusha ya kwanza polepole kwa mguu katika mstari wa mwisho wa wimbo, naacha kimya cha pumzi moja, ndipo naipandisha ya pili kwa sekunde 3 au 4. Kutoka C kwenda F sihitaji kimya chochote, kwa kuwa do ya zamani ndiyo so mpya: naiacha ilie, naiondoa G, na F inaingia chini yake wakati kiongozi bado anaomba.