Alikuwa na kisukari, lakini kilichomuua ni UVIKO-19

Agosti 2020 CDC, taasisi ya kudhibiti magonjwa ya Marekani, ilitoa jedwali lililoonyesha kuwa ni asilimia 6 tu ya vyeti vya vifo vya UVIKO-19 vilivyotaja ugonjwa huo peke yake. Vingine vyote vilitaja pia hali nyingine, wastani wa 2.6 kwa kila marehemu. Haikuchukua muda, mitandaoni likaenea dai kwamba asilimia 94 ya marehemu hawakuuawa na UVIKO. Dai hilo si kweli.

Fomu ya kifo inayopendekezwa na Shirika la Afya Duniani ina sehemu mbili. Katika ya kwanza daktari hupanga matukio kurudi nyuma: mstari wa juu anaandika kilichomaliza uhai, tuseme kushindwa kupumua, chini yake kilicholeta hali hiyo, nimonia, chini kabisa kilichoanzisha yote, UVIKO-19. Huo mstari wa chini ndio unaohesabiwa kuwa chanzo cha kifo. Sehemu ya pili ni ya maradhi yaliyochangia bila kuwa ndani ya mfululizo huo, kama kisukari, shinikizo la juu la damu au ugonjwa wa figo.

Kwa hiyo nimonia na kushindwa kupumua zimo katika zile "hali nyingine", ilhali zimeletwa na virusi vyenyewe! Cheti kinachotaja UVIKO-19 tu ndicho pungufu, kwa sababu hakielezi ugonjwa uliuaje.

Na kisukari je? Kinaongeza hatari, tena sana. Lakini maradhi ya aina hiyo yameenea mno: mwaka 2019 duniani watu wapatao bilioni 1.28 wenye umri wa miaka 30 hadi 79 walikuwa na shinikizo la juu la damu, na karibu nusu yao hawakujua. Wengi wanafanya kazi, wanalea watoto, wana miaka mingi mbele yao. Kusema "alikuwa mgonjwa tayari" ni kuifuta miaka hiyo, na mimi siwezi kulikubali hilo.

Ni kweli hesabu zina kasoro. Mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2020 ulisema aliyeambukizwa akafa kwa ajali asihesabiwe, ila takwimu za kila siku za Uingereza zilijumlisha kila aliyefariki ndani ya siku 28 baada ya kupimwa na kukutwa na virusi, bila kuchunguza chanzo.

Ndiyo maana sisi wa takwimu tunategemea zaidi vifo vya ziada: waliofariki kwa sababu yoyote, ukitoa idadi ambayo ingetarajiwa kama janga lisingekuwepo. Hapo maandishi ya cheti hayabadilishi kitu. Kwa 2020 na 2021 Shirika la Afya Duniani lilikadiria vifo vya ziada milioni 14.9, wakati vilivyoripotiwa kuwa vya UVIKO-19 vilikuwa takriban milioni 5.4. Sehemu ya tofauti hiyo ni wagonjwa ambao hawakupimwa kamwe. Wengine ni watu wa moyo na kisukari ambao virusi havikuwagusa, ila walikosa matibabu kwa kuwa hospitali zilikuwa zimeelemewa.