"Peleka Mbele, Hayo ni Majina Tu": Dhana Potofu Kuhusu Mwanzo wa Filamu

Mkikaa kutazama filamu, yakaanza kupita majina ya waigizaji na watengenezaji, hakosi mmoja wa kusema, "Peleka mbele, hayo ni majina tu." Kauli hiyo huniuma, maana anachoruka mara nyingi ni hadithi yenyewe, ambayo imeshaanza.

Tazama The Man with the Golden Arm ya mwaka 1955. Mwonekano wa majina yake ulibuniwa na msanifu wa michoro Saul Bass. Kwenye giza huchomoza mistari minene myeupe, kingo zake zimekwenda kombo kama karatasi iliyokatwa kwa mkasi. Inapishana, inabanana, mwisho inageuka mkono uliopindapinda. Filamu inamhusu mtu anayehangaika kuacha heroini, na mkono ule umeshakuonyesha mateso yake kabla hajatamka neno. Siku hizo kumbi nyingi ziliacha pazia limefungwa majina yanapopita. Mikanda ya filamu hii ikapelekwa na agizo kwa waendesha projekta: fungueni pazia kwanza.

Wengine huamini jina la kwanza ndilo la stelingi mkubwa. Ukweli ni kwamba mpangilio huamuliwa na mikataba. Katika The Towering Inferno (1974), waigizaji Steve McQueen na Paul Newman wote walitaka kutangulia. Suluhisho: jina la McQueen likawekwa kushoto, chini kidogo, la Newman kulia, juu kidogo. Ukisoma kutoka kushoto, wa kwanza ni McQueen. Ukisoma kutoka juu, ni Newman. Hata jina la mwisho lenye "na" mbele yake ni nafasi ya heshima inayogombewa.

Je, ni lazima majina yatangulie? Hapana. Citizen Kane (1941) ilianza bila orodha ya waigizaji; majina yao yalikuja mwishoni. Ila kwa Hollywood jambo hili lina uzito wake: George Lucas, mwanzilishi wa Star Wars, alipigwa faini na chama cha waongozaji kwa sababu filamu ya pili ya mfululizo huo (1980) iliweka jina la mwongozaji mwishoni. Alilipa, akajitoa chamani.

Na yale maandishi ya "hadithi ya kweli" si kiapo. Fargo (1996) inadai matukio yake yalitokea Minnesota mwaka 1987. Ni ya kubuni.

Hata hivyo, majina yakiwekwa pasipostahili huharibu, na hapa namwelewa anayetaka yaondoke. Touch of Evil (1958) inaanza na mtu akitega bomu kwenye buti la gari. Kamera inalifuata gari hilo mitaani kwa zaidi ya dakika tatu bila kukatwa hata mara moja, nawe unahesabu sekunde. Studio ikabandika majina juu ya picha hiyo, pamoja na muziki. Jicho linasoma, gari linasahaulika. Mwaka 1998 ilihaririwa upya kwa kufuata waraka wa kurasa 58 ambao mwongozaji, Orson Welles, aliiandikia studio. Majina yakatolewa, muziki ukapisha sauti za mtaani, na macho yakabaki kwenye lile buti.